Peni Isiyo na Tundu

Mwanamume wa kwanza kubeba maji kwa mukwa pale Kalamba alikuwa Mulei, mhunzi. Ilikuwa mwaka wa 1971, na waliomwona siku ile ya kwanza walidhani mkewe Kalondu amefariki. Mbinya, jirani yao, alitupa jembe shambani akaja mbio kutoa pole, akamkuta marehemu ameketi kivulini anapeta mbaazi.

"Kumbe uko?"

"Niko. Ulitaka niende wapi?"

"Na yule anayetoka mtoni na debe mgongoni ni nani?"

"Ni Baba Ndila."

"Amefanya kosa gani?"

"Mimi najua? Ameamka, amechukua debe, ameenda. Nimemwambia mwanamume akitaka kuteka maji atafute punda. Amesema punda ni ghali."

Mbinya alisimama papo hapo mpaka Mulei akafika. Alikuwa ameuweka mukwa, ule ukanda wa ngozi, kwenye paji la uso, vile wanawake hufanya, debe limelala mgongoni, na nusu ya maji imeishia kwenye suruali. Akasalimia vizuri, akatua debe, akamimina maji mtungini, akarudi mtoni. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye mvi zake.

Basi watu wakapata la kusema. Wako waliosema Kalondu amemlisha kitu. Wako waliosema alishindwa kamari Emali na hiyo ndiyo adhabu. Mchungaji alimwita pembeni baada ya ibada akamuuliza kama nyumbani kuna amani. Mulei akajibu kwamba amani iko, kinachokosekana ni maji. Yote yaliyosemwa yalikuwa upuuzi mtupu. Sababu ilikuwa sarafu moja ya senti kumi, na aliyeijua ni Mulei peke yake, na Mulei ukimbana aseme asichotaka kusema, utazeeka ukingoja.

Kazi yake ilikuwa kufua mikufu, ile myembamba ya shaba, pamoja na visu na bawaba za milango. Lakini kilichompa jina kutoka Kalamba hadi vijiji vya mbali si mikufu. Ni kurekebisha pesa zilizokataliwa.

Vijana wa leo hawaijui peni ya zamani. Ilikuwa senti kumi ya shaba, pana, yenye tundu katikati, na upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu hilo. Watu walizitunga kwenye uzi. Peni kumi zikikaa kwenye uzi mmoja ni shilingi, na mwenye duka hana haja ya kuzimwaga mezani. Anapitisha kidole tu. Sasa mara mojamoja mashine huko zilikotengenezwa ilipitiwa na usingizi. Ikatoa peni ambayo tundu limeenda ukingoni. Au maandishi yamepigwa mara mbili, kama mtu mwenye kigugumizi. Au upande mmoja hauna chochote, uko uchi. Peni ya namna hiyo ukiipeleka dukani unaambiwa umeitengeneza nyumbani kwako. Ukiipeleka kanisani itapokelewa, lakini mwenye kupitisha kikapu atakutazama.

Ndipo watu wakampelekea Mulei. Malipo yalikuwa yai, au kibaba cha kunde. Tundu lililoenda ukingoni aliliziba kwa kipande cha shaba akatoboa jipya. Maandishi ya kigugumizi aliyalamba kwa tupa mpaka yakabaki ya mara moja. Peni iliyokuwa uchi aliivalisha: alichukua tindo akaichorea pembe za ndovu kwa mkono wake, akitazamia kwenye peni nzima. Pembe hizo zilifanana na ndizi, lakini zilikuwa mbili na zilitazamana, na mwenye duka hakuwa na sababu ya kugomba. Kulikuwa na sheria juu ya mambo hayo, na ilikuwa kali, ila ilikaa Machakos na Mulei hakuwahi kufika Machakos.

Aliipenda kazi hiyo kuliko mikufu. Alikuwa mtu asiyevumilia kitu kilichokaa vibaya. Hata akiwa mgeni kwa watu ataunyoosha mkeka kabla ya kuukalia. Miaka michache kabla ya lile debe, pesa mpya za Kenya zilipofika sokoni na peni zote hazina tundu, Mulei alidhani mashine nzima imeharibika, akafurahi kwa wingi wa kazi. Alikuwa ameshaibana ya kwanza kwenye fuawe chifu alipomshika mkono.

"Mulei, hapo unapotaka kutoboa pana uso wa mtu."

"Nimeuona. Lakini tundu litakaa wapi?"

"Halitakaa."

Kazi ikaisha hivyo. Baada ya muda peni za zamani zikaondolewa, duka likazikataa nzima na mbovu bila ubaguzi, na Mulei akarudi kwenye mikufu yake.

Peni moja tu haikupata kurekebishwa, nayo ilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwao Mulei kulikuwa na desturi: siku ya arusi, mama mkwe humpa bibi arusi shilingi moja kwenye uzi, peni kumi, ili aingie nyumbani kwake na pesa yake ambayo mume hana ruhusa ya kuiuliza; akipata binti, naye humvisha uzi huo siku wakwe wanapokuja. Kalondu alivishwa uzi wenye peni tisa. Ya kumi mama mkwe aliitoa kwenye fundo la leso akamwekea kiganjani.

"Hii haina tundu," alimwambia, "lakini mwanangu ni fundi. Atakutobolea kesho."

Kesho hiyo ilichukua miaka ishirini. Mulei hakukataa hata siku moja. Alikuwa akienda kuichukua, mteja anaingia na yai. Nenda kwa seremala yeyote uone kiti anachokalia, utaelewa. Peni ikawekwa ndani ya kopo la ugoro, ikafungwa kitambaa, ikapandishwa juu ya ukuta chini ya paa, na kila mwaka Kalondu aliikumbusha, na kila mwaka Mulei akasema ndiyo, ndiyo, iko kichwani.

Lilikuwepo jambo la pili lililokuwa kichwani, nalo ni tangi. Nyumba yao ilikuwa ya mabati, Mulei aliijenga kwa mikufu. Mvua ikinyesha maji yalilipiga paa kwa kishindo, yakateremka, yakakimbia zake bondeni hadi mtoni, na kesho yake Kalondu aliyafuata huko huko na debe. Kiangazi mto ukiwa mchanga mtupu alichimba shimo akangoja maji yajitokeze kikombe kwa kikombe. Alikuwa ameomba tangi la mabati na mifereji ya paani tangu Ndila, binti yao, akiwa wa kunyonya. Mgongo ulipoanza kumuuma alienda zahanati, daktari akamwambia aache kubeba mizigo mizito. Akamuuliza daktari nani atabeba. Daktari akampa vidonge.

Mulei aliyajua hayo yote na yalimuuma. Usiku akimsikia mkewe akijigeuza kitandani na kuguna, alilala macho wazi. Tangi lilitaka mia sita na zaidi, na mkufu mmoja ulikuwa shilingi nne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeifungia daftari.

Ndila akaposwa. Siku mbili kabla ya wakwe kuja na mbuzi wao, Mulei alikuwa anajiandaa kwenda Emali kununua waya wa mikufu. Kalondu akasimama mlangoni.

"Baba Ndila, kesho kutwa nitampa mtoto uzi wa bibi yake. Nimpe ukiwa na pengo?"

"Nikirudi Emali."

"Umesema nikirudi Emali tangu Emali ikiwa na maduka mawili."

"Leo ni kweli. Nikirudi, naingia kibandani moja kwa moja."

"Haya," Kalondu alisema. Na ile haya yake haikuwa na sauti ya kukubali.

Emali, karibu na stesheni, kulikuwa na duka la Mugo. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyefanya kazi reli, na baada ya kustaafu akabaki hapo akiuza waya, misumari, taa, mafuta ya taa na matangi ya mabati. Mulei alikuwa akinunua kwake siku nyingi, lakini huingia na kutoka. Siku hiyo alimkuta Mugo ameinama mezani na kioo cha kukuza, mbele yake kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa peni moja ya zamani ambayo tundu lake limeenda ukingoni.

Mulei akaitazama kwa huruma. "Hiyo ni mbovu, Bwana Mugo. Nipe nikurekebishie. Yai moja tu."

"Usiguse!"

Mulei akaurudisha mkono. Mugo akapumua, akaomba radhi, akasema kwamba hiyo peni anaipeleka Nairobi kwa mtu anayenunua, na mtu huyo atamlipa shilingi sitini.

"Kwa peni?"

"Kwa hiyo kasoro."

"Kwani huko Nairobi hawana fundi?"

Mugo akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama Mulei, akaitazama mikono yake yenye makovu ya moto. Akafungua droo akatoa kisanduku cha sigara, akamwaga mezani peni kama kumi na tano. "Mzee Mulei, mimi nimenunua sarafu mbovu kote njia hii ya reli, hadi Mtito Andei. Zile za kutoka pande zenu ndizo zinaniua. Kila moja imepigwa tupa. Kila moja imezibwa. Nilidhani kuna genge. Nilitaka hata kupiga ripoti." Akaichagua moja akaigeuza. "Na hizi pembe. Umechora wewe?"

Mulei akachukua kioo akaangalia. Aliitambua. Ilikuwa ya mwaka wa ile mvua kubwa. "Ndiyo, ni mimi," alisema. "Zimetoka vizuri?"

"Ngai!" Mugo akakaa juu ya gunia la misumari, jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi.

Alipopata nguvu alimweleza. Alimwonyesha chini ya kioo jinsi tundu la mashine linavyokuwa na ukingo ulioviringa, na lile linalotobolewa kwa keekee ya mkono linavyoacha mikwaruzo ya mduara. Akamwonyesha herufi zilizopigwa mara mbili na mashine, namna zinavyopanda juu ya nyingine bila kuvunjika. Akamwambia kwamba mashine inapiga malaki kwa malaki bila kukosea, kwa hiyo ile moja iliyokosewa watu wanaitafuta, na bei yake inategemea kosa ni kubwa kiasi gani na kama imebaki vile ilivyotoka.

"Mashine ikikosea, hiyo ni mali," alisema. "Mtu akiigusa kuirekebisha, ni chuma chakavu. Hii yenye ndizi, samahani, yenye pembe, ingekuwa mia mbili. Sasa siwezi kumpa mtu hata bure."

Kichwani mwa Mulei zile peni zilipita moja moja, na wenyewe waliozileta, na mayai waliyotoa. Yule mjane wa kisimani. Yule mwalimu. Watu maskini wa Mungu walimletea ng'ombe, yeye akawarudishia senti kumi, na wakamshukuru.

"Na ile kubwa kuliko zote ni ipi?" aliuliza mwishowe, kwa sababu mtu akishaumia hupenda kujua ameumia hadi wapi.

"Ile isiyo na tundu kabisa. Nimeiona mara moja, Mombasa, kwa Mhindi mmoja, na hakuniuzia. Ukiniletea hiyo leo, mzee, ikiwa haijatobolewa, haijakwaruzwa, hata haijasafishwa, nakutolea mia nane hapa hapa na sikuombi punguzo."

Mulei akasogea karibu na meza. "Kama imekaa kwenye kopo la ugoro?"

"Ugoro hauna neno. Uchafu ni mzuri. Kusugua ndiko kubaya."

"Na lile tangi nje, la mabati, pamoja na mifereji?"

"Mia sita na themanini. Kwako, mia sita na hamsini."

Mulei alitoka dukani bila kuaga na bila waya. Alipata lori la mchanga hadi njia panda, sehemu iliyobaki akaitembea, na si kutembea, alikuwa akikimbia kila mahali ambapo hakuna watu. Maisha yake yote hakuwahi kusikia uvivu ukilipa. Wake ulikuwa umelipa mia nane! Alikuwa ameharibu peni za kijiji kizima kwa bidii, na ile moja aliyoikawiza ndiyo imebaki nzima, na ni ya mkewe, kwenye kopo la ugoro, chafu kabisa, nzuri kabisa. Njiani alipanga maneno. Mama Ndila, kaa chini. Umenilaumu miaka ishirini kwamba mimi ni mvivu. Kumbe nilikuwa nakuwekea tangi. Aliyarudia mpaka yakakaa sawa. Aliona mahali pa kuliweka tangi, kwenye kona ya jikoni, na bomba upande wa kivuli, na Kalondu akisimama wima kufungua maji bila kuinama. Machozi yalimtoka akiwa peke yake njiani, akajifuta kwa kofia.

Alimkuta Kalondu kwenye mlango wa kibanda cha uhunzi. Ana masizi kwenye paji la uso. Mkono wake mmoja uko nyuma.

"Mama Ndila," Mulei alianza, akihema, "kaa chini."

"Kaa chini wewe."

Akamtolea ule mkono wa nyuma akamwekea uzi kiganjani. Peni kumi. Tisa zilikuwa nyeusi kwa uzee, na ya kumi inang'aa kama sufuria ya arusi.

Mulei aliitazama. Ilikuwa na tundu.

"Nani ametoboa?"

"Mimi. Kwa keekee yako. Na usianze habari za marehemu baba yako, eti mwanamke hashiki vyombo vya mhunzi. Nimekaa mlangoni hapa miaka ishirini nikikuona ukitoboa za watu. Nikasema, leo sitangoja Emali. Nimeifunga kwenye fuawe, nimezungusha polepole, ikatoboka. Halafu nimeisugua na majivu na ndimu mpaka ikatakata."

Mulei aliinua peni hadi karibu na macho. Keekee, ule mti wenye ncha ya chuma unaozungushwa kwa upinde, humtoroka fundi asipokuwa makini. Yeye mwenyewe ulimtoroka kila mara kidogo, akaficha kwa tupa. Tundu hili halikuwa limetoroka hata unywele. Lilikuwa katikati. Pembe zilikuwa zimebaki nzima huku na huku, na ukingo ni laini.

"Mbona unaangalia hivyo?" Kalondu aliuliza, na sauti ikashuka. "Nimeharibu?"

Yale maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa bado yapo mdomoni. Kaa chini, Mama Ndila. Alimtazama uso, masizi, macho yanayongoja, na mkono mwingine ambao bila yeye kujua ulikuwa umeenda kushika kiuno pale panapouma. Mulei alikuwa mtu asiyevumilia kitu kilichokaa vibaya, na hapo hapakuwa na tupa wala tindo ya kumsaidia.

"Liko katikati," alisema.

"Kweli?"

"Katikati kabisa."

"Kuliko ya kwako?"

"Kuliko ya kwangu yote."

Kalondu alicheka akashika mwimo wa mlango. Alicheka hivyo mara ya mwisho Ndila alipozaliwa. Kisha akamwangalia vizuri: vumbi, jasho, mikono mitupu. "Na wewe mbona umekuja mbio? Waya uko wapi?"

"Nimekuja kuitoboa."

"Umechelewa."

"Nimechelewa," Mulei alikubali. Akaenda nyuma ya nyumba, pale kwenye kona ya jikoni, akakaa juu ya jiwe. Kalondu alidhani anapumzika. Aliumia pale kwa namna ambayo hajawahi kuumia, hata siku alipomwagikiwa na shaba ya moto, na hakuwa na mtu wa kumkasirikia ila yule aliyesema nikirudi Emali.

Wakwe walikuja, mbuzi wakapokelewa, watu wakala na kuimba. Kalondu alimvisha Ndila uzi wenye peni kumi mbele ya wote, akasema, "Ya kumi nimetoboa mimi," na wanawake wakapiga vigelegele. Mulei alipiga makofi pamoja na wengine. Kwa Mugo alituma neno kwa mtu wa lori kwamba ile peni ilipotea.

Jumatatu yake asubuhi akachukua debe.

Shingo ilimuuma mwezi mzima, maana mukwa unataka shingo iliyozoea tangu utoto. Alijifunza kufunga majani juu ya debe maji yasimwagike. Alijifunza kuchimba shimo mchangani na kungoja kikombe kwa kikombe. Wanawake pale mtoni walimpisha mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa kicheko, na mwishowe wakaacha kumpisha, akapanga foleni kama mwenzao na kusikia habari zote za kijiji kabla ya mchungaji. Kalondu aligomba, akaficha debe, akaficha mukwa. Mulei alifua debe jingine. Ukimuuliza kwa nini, alisema mikufu haina soko.

Ikapita miaka minane.

Magoti ya Mulei yalipoanza kukataa safari ndefu, Kalondu alienda Emali badala yake kumnunulia waya. Mgongo wake ulikuwa umepata nafuu. Mugo alikuwa amezeeka lakini bado yuko nyuma ya meza ile ile, na aliposikia yeye ni mke wa mhunzi wa Kalamba alifurahi, akamvutia kiti.

"Mama, mzee hajambo? Mwambie bado nacheka nikikumbuka ndizi zake. Na ile peni isiyo na tundu, haikuonekana tena?"

"Peni gani?"

Mugo akamweleza. Alimweleza yote, mia nane, kopo la ugoro, bei ya tangi na mifereji, jinsi mzee alivyotoka mbio akasahau waya. "Halafu akaniletea neno kwamba imepotea. Nilisikitika, lakini nikasema afadhali kupotea. Kama ni mtu ameitoboa, mimi ningelia."

Kalondu aliukusanya waya mapajani. "Hata mimi," alisema.

Alilipa, akaaga, akasafiri mpaka njia panda. Hakwenda nyumbani. Alishuka moja kwa moja mtoni, na viatu vyake vya safari, akamkuta Mulei peke yake amechuchumaa mchangani anangoja shimo lijae. Debe lilikuwa nusu.

"Umerudi mapema," Mulei alisema. "Waya umepata?"

"Nimepata."

Akakaa kando yake juu ya mchanga. Maji yalijitokeza, Mulei akayateka na kikombe, akayamimina, akangoja mengine.

"Baba Ndila."

"Naam."

"Mugo anakusalimu."

Kikombe kilisimama. Mulei hakugeuka. Alilitazama lile shimo kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

"Siku ile," Kalondu alisema, na sauti ilikuwa imeanza kukatika, "mimi nilikuuliza kama nimeharibu. Ukaniambia liko katikati kabisa."

"Lilikuwa katikati kabisa," Mulei alisema.

Kalondu akalia. Alilia kwa sauti, hapo mtoni, mama mzima na leso ya safari, na Mulei hakujua afanye nini kwa hiyo akaendelea kuteka. Debe lilipojaa Kalondu alijifuta uso, akaunyoosha mkono kuchukua mukwa. Mulei akauvuta upande wake. Kalondu akauvuta upande wake pia, na mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Lete hapa," alisema. "Tangi langu umeshalileta, debe kwa debe. Lote. Leo nitabeba mimi."